Mwisho wa Vani ya Mkate

Sinema ninayoipenda kuliko zote duniani ni ya katuni. Nalisema hilo bila haya, nikiwa mwanamume mwenye kitambi, mke, mtoto, na cheti cha kidato cha nne nilichokipata shule ya jioni wakati ndevu zangu zilikuwa tayari zimejaa kidevu chote. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyomwona mchungaji wetu, na kanisani huwa sikosi. Nipe chaki na ukuta mrefu kama kuta za viwanda vya Thika, nitakuchorea kila kitu kilichomo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Au tuseme mpaka karibu na mwisho.

Jina lake halisi hatukulijua. Pale Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika nilipolelewa, diski ilikuja ikiwa na jalada lililotafunwa na panya, na panya huyo alianza na jina. Sisi tukaiita Vani ya Mkate, na hakuna aliyelalamika.

Kuna familia ya waoka mikate. Baba ana upara unaong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Mama ana nywele ambazo ndege angetaga ndani bila kuomba ruhusa. Kuna msichana mwenye pengo, na kuna bata bukini asiyesema hata neno moja lakini ana akili kuwashinda wote. Wanasambaza mkate kwa vani kuukuu waliyoachiwa na guka, babu yake msichana, ambaye alikufa kabla msichana hajazaliwa. Vani hiyo ikienda mbele ni gari kama magari mengine. Lakini ukiitia rivasi, inarudi nyuma kikweli. Rudi kidogo tu, utakuta ni asubuhi ile ile na chai uliyokwisha kunywa imejaa tena kikombeni. Rudi barabara nzima bila kugonga mti, utamkuta nyanya yako ni msichana, anaruka kamba.

Shida ni kwamba vani haina vioo vya pembeni. Kwa hivyo kila wakirudi, bata bukini hushuka, akasimama nyuma, akamwelekeza dereva kwa mabawa.

Hapo ndipo baba yangu alipoingilia.

Baba alikuwa mtu wa Eneo la Viwanda. Kazi yake, tangu nikiwa mtoto wa kukimbia bila suruali hadi alipostaafu, ilikuwa kuelekeza malori yanayorudi rivasi kwenye mlango wa stoo ya kiwanda cha nguo. Alisimama nyuma ya lori, kiganja juu, akaita: "Kuja! Kuja! Kuja! Kata kulia! Kuja kidogo! Haya, hapo!" Kisha alipiga bodi la lori makofi mawili, na dereva akajua amefika. Sauti yake ilikuwa inavuka Makongeni yote. Nimesikia kuna madereva wa Garissa Road waliosimama ghafla bila kujua ni nani amewasimamisha.

Baba hakujua Kiingereza, na wengi wetu pale Kiandutu vilevile. Kwa hivyo tulikuwa na DJ. Nisieleweke vibaya, huyu hakuwa wa kupiga muziki. Alikuwa kijana mwembamba aliyeketi kando ya runinga katika chumba cha mabati cha kuonyeshea video, sauti ya sinema ameipunguza, maikrofoni mkononi, akitueleza wahusika wanasema nini. Alitumia Kiswahili, Kikuyu kidogo na Sheng ya kutosha. Alitueleza waliyoyasema, na pia yale ambayo yeye aliona walipaswa kuyasema.

Jumamosi alasiri baba alitoka kazini, akanipitia, tukaenda kuketi kwenye benchi. Mimi nilikuwa tayari kijana mkubwa, nafanya kazi kiwanda cha biskuti mchana na jioni naenda shule. Lakini Jumamosi nilikuwa mtoto wa baba yangu tu. Mara ya kwanza tulipoiona Vani ya Mkate, bata bukini aliposhuka na kuinua bawa, baba alisimama katikati ya chumba.

"Huyo bata hajui kazi!" alisema. "Anasimama upande wa dereva! Atakanyagwa!"

"Mzee, keti, unatuzibia," mtu wa nyuma akamwambia.

"Nikae aje na gari linaenda kugonga? Kuja! Kuja! Kata kushoto! Wee dereva, kata kushoto!"

DJ hakukasirika. Alikuwa na kipaji cha kupokea kila kitu na kukifanya chakula. "Na bata anawaambia abiria," akasema kwa maikrofoni, "kuna mzee wa Kiandutu ananifundisha kazi, nimwachie ama nisimwachie?"

"Mwachie!" chumba kizima kikapiga kelele.

Tangu siku hiyo, kila sinema hiyo ilipowekwa, vani ilirudishwa na baba. Watu walijifunza. Akisema "Kuja!" benchi zote zinasema "Kuja!" Akisema "Hapo!" tunapiga mabati makofi mawili, na mabati ya Kiandutu yakipigwa na watu arubaini, nakuhakikishia hata wafu wa makaburi ya karibu walijigeuza.

Mwisho wake ulikuwa huu. Msichana mwenye pengo anataka kumwona guka yake. Familia inarudi rivasi barabara ndefu kuliko zote, mpaka inafika kwenye duka dogo la mkate, na ndani yuko guka akiwa kijana, unga mpaka kwenye nyusi. Wanakanda naye unga. Wanakula mkate moto, siagi inawatiririka mpaka kwenye viwiko. Yule mchoraji aliyeuchora ule mvuke, sijui ni nani, lakini nikimpata nitamnunulia chai na mandazi. Tulikuwa tunasikia harufu. Mwishowe bata anapiga honi, wanapanda, na msichana anamwambia guka twende. Guka anafuta mikono kwa aproni. Anakuja mpaka kwenye mlango wa vani. Anainua mguu mmoja na kuuweka juu ya ngazi.

Na hapo picha inasimama. Inatulia kabisa, mguu uko juu ya ngazi, na kwenye pembe za runinga vijisanduku vya rangi vinatetemeka kidogo.

"Na guka akaingia!" DJ akatangaza. "Akafunga mlango! Wakampeleka nyumbani, wakakaa naye, wakala mkate mpaka wakashindwa kuinuka! Imeisha hivyo, watu wangu. Tokeni polepole, msisukumane, kuna mama mjamzito!"

Tulipiga makofi. Baba alipiga kuliko wote.

Sisi tulidhani ndivyo ilivyotengenezwa. Tulidhani wenye sinema, kwa ustadi wao, wameisimamisha picha pale makusudi, ibaki kama picha ya ukutani. Shule ya jioni mwalimu alipotuambia tuandike insha juu ya kitu kizuri tulichowahi kukiona, mimi niliandika kuhusu ule mguu juu ya ngazi, kurasa mbele na nyuma. Mwalimu aliisomea darasa zima, darasa la walinzi, wapishi na mama wa kuuza mboga, akasema huo ndio uitwao umaliziaji wa kisanaa. Nilitembea wiki nzima nikiwa mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

Maisha yakasonga. Nilioa, tukahamia Mugutha upande wa Ruiru, ambako nyumba zinamea usiku na ukiamka unakuta jirani mpya ana ghorofa. Tukapata binti. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hivyo msichana wangu akapewa jina la mama yangu. Na kwa desturi hiyo hiyo baba yangu hakumwita mjukuu. Alimwita "bibi yangu," yaani mke wake. Mama naye alimwita "mke mwenzangu," na walikuwa wakigombania mume huyo mbele yake kila tulipokwenda Thika.

"Bibi yangu mdogo amefika," baba angesema. "Yule bibi mzee aondoke kwenye kiti."

"Mchukue tu," mama angejibu. "Na nguo zake za kufua uzichukue, mke mwenzangu. Na miguu yake."

Kabla ya kulala msichana wangu hakusimuliwa hadithi za sungura. Alisimuliwa Vani ya Mkate. Nilimsimulia mimi, na tukiwa Thika alisimuliwa na guka yake mwenyewe, ambaye katika masimulizi yake bata bukini alikuwa amefutwa kazi na nafasi yake kuchukuliwa na mzee mmoja wa kiwanda cha nguo. Mwisho ulikuwa mmoja. Guka anaweka mguu kwenye ngazi, guka anaingia, mlango unafungwa, pa! Hapo msichana alipiga makofi mawili, akalala.

Mwaka huu, katika mvua za masika, baba alikunywa chai yake ya saa kumi, akaegemea kiti, akalala, hakuamka. Ulikuwa mwisho wa upole sana kwa mtu mwenye sauti ile.

Binti yangu, ambaye sasa yuko gredi ya tatu, hakulia. Hakulia nyumbani, wala hakulia makaburini. Aliwatazama watu wakirudisha udongo kama mtu anayesubiri wamalize shughuli zao. Baada ya hapo akakataa kabisa kwenda Thika. Mama tulimleta Mugutha akae nasi, lakini chumba cha Kiandutu kilibaki na vitu vyote ndani: kiti, kitanda, koti la baba la kazini msumarini. Mwenye nyumba, mtu mzuri, akatupa hadi mwisho wa mwezi tuwe tumekiacha.

"Twende wote," mke wangu alimwambia msichana. "Tukusanye vitu, tuage nyumba ya guka."

"Hapana."

"Kwa nini, mami?" mama yake akamwuliza.

"Mkitoa vitu, atakuta nini akirudi?"

Mke wangu aliniangalia. Nikaangalia dari. Msichana naye akanigeukia, bila hasira, kama anayemkumbusha mtu jambo linalojulikana. "Si ulisema guka aliingia kwa vani?"

"Huyo ni guka wa katuni," nikamwambia.

"Lakini aliingia. Basi inawezekana."

Mke wangu akanifuata jikoni. "Wewe na katuni zako," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu mtoto hajazika mtu bado. Anangoja gari."

Mimi, mtu wa maneno ambaye shuleni nilipewa dakika tatu za kutoa shukrani nikazungumza mpaka mkuu wa shule akasinzia, nikashika kitambaa, nikaanza kufuta vikombe vilivyokwisha kukauka. Niliogopa kumwambia guka haji tena. Niliogopa pia kumnyang'anya hadithi ambayo mwenyewe aliipata kwa mdomo wa baba yangu. Kila jioni aliiomba, na sasa alitaka mwisho tu, mguu na ngazi na mlango. Halafu akaanza kudai jambo jipya. Hakuwa ameiona sinema yenyewe hata mara moja. Alikuwa ameisikia tu. Sasa alisema, "Nataka kuona akiingia."

Nikaenda Ruiru mjini, kwenye duka moja la kijana anayewekea watu sinema kwenye flashi. Nikamweleza. Nikamweleza upara, nywele, pengo, mkate. Nilipofika kwa bata bukini anayeelekeza gari kwa bawa, alikuwa ameshaacha kunisikiliza.

"Hii hapa, buda," akasema, akigeuza kompyuta. "Kwani ulikuwa unaitafuta tangu lini?"

"Tangu kabla uzaliwe."

"Si ungeuliza tu." Na kweli, alikuwa anayo miaka yote hiyo, bata bukini ananiangalia kutoka kwenye kioo cha kompyuta kama askari jela.

Jumapili baada ya kanisa tuliketi sebuleni. Msichana alikaa chini kwenye zulia, karibu na runinga mpaka mama yake akamvuta nyuma. Mama yangu alikaa kwenye sofa na shali lake magotini. Mama haelewi Kiingereza, kwa hivyo mimi nikavuta kiti kando ya runinga, nikachukua rimoti, nikaishika kama maikrofoni.

"Haya, watu wangu wa Mugutha," nikasema, "mketi vizuri, msisukumane!"

"Anza kazi, DJ," mama akasema.

Sijui niseme nini juu ya saa ile ila kwamba ilikuwa saa nzuri kuliko zote tangu msiba. Rangi zilikuwa safi. Miaka yote nilidhani vani ni ya kahawia, kumbe ni nyekundu, kahawia ilikuwa ya runinga ya Kiandutu. Nilitafsiri kwa mate na jasho. Bata bukini aliposhuka na kuinua bawa, kabla sijafungua mdomo, mama aliinua kiganja chake kutoka chini ya shali.

"Kuja," akasema taratibu. "Kuja. Kata kulia."

Msichana akageuka kumtazama nyanya yake, kisha akacheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu masika. "Cucu, paza sauti! Dereva hasikii!"

"Kuja!" mama akaita. "Kuja! Haya, hapo!" Na wote wanne tukapiga meza makofi mawili, thermosi ikaruka. Mama akavua miwani, akaifuta kwa shali kwa muda mrefu, akaivaa tena.

Tukafika kwenye duka la mkate. Wakakanda, wakala. Bata akapiga honi. Msichana wangu akapiga magoti, mikono yote miwili kifuani, na mimi nikaona jinsi alivyokuwa anashikilia pumzi. Guka wa katuni akafuta mikono kwa aproni. Akaja mlangoni. Akainua mguu, akauweka kwenye ngazi.

"Na guka akaingia!" nikatangaza kwa sauti kubwa ya DJ wa Kiandutu. "Aka..."

Picha haikusimama.

Ningekuambia ardhi ilipasuka, ningekuwa nimepunguza. Ule mguu, mguu niliouandikia insha, ambao kwa miaka yote hiyo ulikuwa juu, ukashuka. Guka akaurudisha chini polepole, akasimama mchangani na unga wake kwenye nyusi. Msichana mwenye pengo akamwuliza kitu kwa Kiingereza. Guka akainama, akamjibu. Nilielewa kila neno, maana shule ya jioni haikunidanganya. Lakini sikulitafsiri hata moja.

Sasa nikajua. Hakukuwa na ustadi wowote. Diski yetu ilikuwa na mkwaruzo. DJ, na sinema imemgandia mbele ya watu waliokaa kwenye benchi alasiri nzima, alikuwa ametafuta mahali pa kututeremsha salama.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Nikaigeuza rimoti mkononi.

"Huyo guka amesema nini? Mbona ameshusha mguu?" Mama akanigeukia. "Kwani DJ amemeza maikrofoni?"

Mke wangu alikuwa ananitazama. Ilinijia nimalizie vile vile alivyomaliza yule kijana: akaingia, akafunga mlango, wakala mkate. Mama angeamini. Lakini aliyekuwa kwenye zulia anasoma gredi ya tatu, na Kiingereza chake kinatembea kwa miguu yote miwili.

"Amesema hawezi kwenda," msichana akasema. Hakuondoa macho kwenye runinga.

"Kwa nini?"

Akasikiliza kidogo. "Anasema akienda nao, hataoa. Na asipooa, baba ya huyu msichana hatazaliwa. Na msichana pia. Na hata hiyo safari haitakuwa." Akasikiliza tena. "Anasema vani itafika nyumbani ikiwa na bata peke yake."

Mama akacheka. Alicheka kwa ghafla, kicheko cha tumboni, mpaka akajishika mbavu. "Huyo guka ana akili!"

Kwenye runinga vani iliondoka, ikienda mbele sasa, gari kama magari mengine, na guka alibaki barabarani akipunga mkono mpaka akawa nukta. Kisha akarudi ndani, maana mkate ulikuwa kwenye tanuri. Muziki ukaanza. Msichana wangu akanigeukia.

"Baba, ulisema aliingia."

"Pale kwa mguu ndipo picha ilikuwa inasimama, mami. Sikujua kuna mbele."

"Hujawahi kuona hii?"

"Leo ndio mara ya kwanza."

"Hata guka hakuona?"

"Hata yeye."

Akafikiri. Midomo yake ilikuwa imeanza kutetemeka. "Lakini guka wetu angeingia. Tukienda na vani, yeye angeingia."

Nilifungua mdomo, sijui kingetoka nini, lakini mama akanitangulia. "Nani? Yule?" akasema. "Mke mwenzangu, wewe humjui mume wako. Kumwingiza yule mtu kwa gari ilikuwa vita. Harusi yetu alikataa kupanda, akasimama nyuma kulielekeza, nikafika kanisani kabla ya bwana harusi. Gari yeye alilipenda akiwa nyuma yake."

Msichana akataka kucheka, ikakataa.

"Na hata angependa kuingia, mimi ningemshika koti. Uje huko nyuma na vani yako, unikute mimi ni msichana, sijaolewa, umchukue? Ningeolewa na nani? Baba yako huyu mwenye maneno mengi angetoka wapi? Na wewe, nani angekupa jina langu?" Akapapasa sofa kando yake. "Alikaa mpaka tukawepo wote. Hakuacha hata mmoja. Njoo hapa."

Msichana akapanda kwenye sofa, akaweka uso ndani ya shali, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, sauti ya ukoo, na mimi nikafikiri majirani wa ghorofa watakuja. Mama hakumwambia anyamaze. Alimpigapiga mgongoni taratibu, akatazama majina ya watengenezaji sinema yakipanda kwenye runinga, mengi kama wageni wa mazishi, mpaka yakaisha. Mke wangu akaenda kuchemsha maji. Mimi nikabaki kwenye kiti cha DJ na rimoti mkononi.

Baadaye, pua imejaa, msichana akauliza kutoka ndani ya shali, "Thika mnaenda lini?"

"Jumamosi," nikasema.

"Nitakuja. Lakini koti msiguse mpaka nifike."

Nimeitazama tena sinema hiyo mara kadhaa tangu Jumapili ile, na nitasema ukweli wangu kama shabiki. Mwisho wa DJ ulikuwa mtamu, na nikikutana naye leo nitampa mkono, maana alituteremsha salama miaka mingi na baba alikwenda nyumbani akifurahi. Lakini mwisho wa wenye sinema ni mzuri zaidi. Wachoraji wale wangeweza kumwingiza guka kwenye vani. Kalamu ilikuwa mikononi mwao, nani angewazuia? Wakamwacha kwenye mchanga. Na tazama uso wa msichana mwenye pengo pale dirishani vani ikiondoka. Analia na anatafuna mkate kwa wakati mmoja. Mtu aliyechora hilo aliwahi kuwa na guka.

Jumamosi tulikodi pikapu tukaenda Kiandutu. Majirani walitusaidia, na kwa muda mfupi chumba kizima kilikuwa kimetoka nje: kitanda, kabati, magunia ya nguo, vyombo kwenye karai, vyote vimefungwa kamba juu ya gari. Msichana aliingia wa mwisho. Alitazama kuta. Alitoa koti msumarini mwenyewe, akalivaa, likamfika kwenye vifundo vya miguu, mikono ikapotea ndani. Akasimama katikati ya chumba kitupu.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Karibu saa kumi," nikasema.

"Hatujanywa chai."

"Tutakunywa Mugutha, mami," mke wangu akamwambia. "Jiko liko chini ya kitanda, na kitanda kiko chini ya kabati."

"Guka alikuwa anakunywa saa kumi. Hapa."

Tukatazamana. Mama ndiye aliyeamua. Alitoka nje, akamwonyesha dereva wa pikapu kamba. "Fungua."

"Nifungue nini, mama?"

"Yote."

Kamba ikafunguliwa. Kabati likashuka, kitanda kikashuka, jiko likatoka. Sufuria ilipatikana ndani ya gunia la mablanketi, majani ya chai ndani ya kiatu, usiniulize nani alipakia. Jirani mmoja akaleta maziwa, mwingine sukari, na kwa kuwa vikombe vilikataa kuonekana kabisa, kila mtu alikunywa kwa alichokipata: kifuniko cha thermosi, bakuli, kikopo cha kupimia mahindi. Tuliketi juu ya magunia, tukaegemea kuta. Mama alikuwa akimwonyesha msichana mahali kiti kilipokuwa, na mahali pa kuweka miguu, na jinsi mzee alivyokuwa akipuliza chai kwa kelele mpaka paka wa jirani anakimbia. Msichana akajaribu kupuliza hivyo hivyo, akajimwagia kwenye koti.

Dereva akachungulia mlangoni, kamba ikining'inia mkononi. "Na nyinyi," akasema, "kwani tunahama ama tunahamia?"

"Kunywa kwanza," mama akamwambia, akamjazia kijiko kikubwa cha kupakulia mchuzi, kwa sababu hakuna kingine kilichobaki.

Msichana wangu akakunja koti, akasogea kwenye gunia, akampa dereva nafasi.